Chai ya Pili

Jumatatu, 3 Juni 1957

Simezi. Hilo ndilo ninaloficha. Kila jioni nesi akifika kitandani kwangu na kikombe, naitia dawa kinywani mbele yake, naizuia shavuni, naitikia kwa kichwa. Akigeuka naitema kwenye kopo la maua lililo dirishani. Ua limekauka. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Wengine wote wodini wanameza. Dawa huja jioni baada ya chai, katika vikombe vya bati, na humu ndani inaitwa chai ya pili. Ni bromaidi, dawa ya kutuliza. Haina harufu. Ina ladha ya chumvichumvi. Kabla taa hazijawashwa wodi nzima inakoroma. Mimi peke yangu niko macho, miguu imevimba.

Naijua dawa hii. Kabla sijawa mzee wa nyumba hii ya misheni nilikuwa dresa wake, mganga msaidizi, miaka mingi. Niliichanganya kwa mikono hii hii. Ndiyo maana simezi.

Baridi ya leo ni mbaya. Kalamu inateleza.

Jumatano, 5 Juni

Kitanda cha kushoto kwangu ni cha Mzee Mgaya. Alichunga ng'ombe Usangu, upande wa Rujewa, maisha yake yote, na hajui kwamba kazi imekwisha. Alikuwa akiamka alfajiri, anachukua fimbo, anakwenda getini kufungulia ng'ombe. Akinipita lazima anichokoze: "Amka, mla ndizi! Mnyakyusa gani wewe, unalala kama mama aliyejifungua?" Nilikuwa nikimchukia kwa kelele zile. Sasa nazitamani.

Wakati wa masika alitoka hivyo akateleza mferejini. Walimkuta amelowa, anatetemeka, bado anawapigia ng'ombe mluzi. Matroni alimgombeza Nesi Atupele mbele yetu sote, kama anagombeza mtoto aliyevunja sahani. Wodi mbili, nesi mmoja, na msaidizi ambaye ndiye pia anafua mashuka. Hilo Matroni hakulitaja.

Tangu siku ile Mgaya anapewa chai ya pili asubuhi na jioni. Haendi getini tena. Fimbo yake imelala chini ya kitanda.

Simlaumu Atupele. Nilimfundisha kazi mimi, alipokuja kutoka Tukuyu na sanduku la mbao, msichana mwoga wa damu. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo. Nilifanya hivyo hivyo.

Ijumaa, 7 Juni

Ugali na maharage. Bila chumvi. Tangu Pasaka chakula cha nyumba hii hakina chumvi. Wazee walilalamika, kisha wakachoka kulalamika.

Leo Mgaya amelamba kikombe cha dawa. Alikizungusha kidole ndani, akalamba kidole, akamshika Atupele mkono.

"Ongeza, binti yangu. Hiki ndicho kitu pekee chenye ladha humu ndani."

Atupele alicheka akamwongeza kidogo. Msaidizi naye akacheka. Kwa kweli ilichekesha. Mimi sikucheka, na sikujua sababu.

Baadaye Mgaya alijaribu kuniita mla ndizi. Ulimi ulimkwama katikati. Usoni ametokwa na vipele, vile vidogo vyenye usaha. Nimeviona zamani kwenye nyuso nyingine.

Jumapili, 9 Juni. Pentekoste

Kwaya ilikuja kutuimbia kibarazani. Walitupanga kwenye viti na mablanketi. Nyimbo nne, na hakuna mzee hata mmoja aliyeitikia kiitikio. Vichwa vilikuwa vimeangukia vifuani. Mate. Mwalimu wa kwaya alimpongeza Atupele: "Wazee wenu wametulia kweli, Mungu awabariki."

Besi yao ni dhaifu. Zamani besi ya kwaya ile ilikuwa mimi.

Nilikaa nikitazama upande wa wodi ya wanawake, mlango wa kwanza. Pale ndipo kilipokuwa kitanda cha Bibi Semhongole. Habari ya Bibi Semhongole sitaiandika leo.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeelewa. Nilikuwa nakunywa uji usio na chumvi, nikaelewa.

Ni miguu yangu. Wakati wa Pasaka daktari mpya alinibonyeza kifundo kwa kidole, shimo likabaki. Akasema mzee huyu asile chumvi. Alisema mzee huyu. Lakini jikoni wanapika sufuria moja, na Seti mpishi si mtu wa kupika mara mbili. Akaondoa chumvi kwa wote. Nyumba nzima inakula chakula cha mgonjwa mmoja, na mgonjwa mwenyewe ni mimi.

Na bromaidi, hili tulifundishwa, tena nilikuwa wa kwanza darasani, mwili unaiona kama chumvi. Ukila chumvi ya kutosha, dawa inatoka na mkojo. Usipokula, mwili unaing'ang'ania. Ya jana inakaa, ya leo inaikuta. Kwa hiyo Mgaya hajalewa kikombe cha asubuhi tu. Amebeba vikombe vyote tangu Pasaka.

Nilikwenda jikoni kwa mkongojo. Safari ndefu. Niliomba chumvi.

"Mzee Dresa," Seti akasema, "si wewe uliyetunyima chumvi wote? Leo unaitaka?"

"Si yangu."

"Ya nani basi? Ya ng'ombe wa Mgaya?"

Wakacheka wote jikoni. Lakini alinifungia kidogo kwenye kipande cha gazeti, akaninong'oneza, "Ukifa usinitaje."

Jumanne, 11 Juni

Nilitia chumvi kwenye uji wa Mgaya, nikakoroga kwa kidole. Alimeza. Akafungua macho. "Chumvi," akasema, polepole, kama mtu aliyekutana na ndugu njiani. Akala bakuli lote.

Niliona fahari. Upumbavu. Kikombe chake cha asubuhi kilikuja palepale nyuma ya uji, na cha jioni kikaja, na mimi nilikaa kimya na changu shavuni. Vidole vyangu viwili vya chumvi haviwezi kushindana na chupa ya stoo.

Napaswa kusema. Nikisema, watauliza mimi nimebaki vipi macho. Nimewahi kuona wanavyofanya kwa mzee anayetema dawa. Wanaleta sindano. Nimewahi kuishika sindano hiyo.

Alhamisi, 13 Juni

Mgaya amepaliwa. Uji ule ule wenye chumvi yangu. Hakuweza kumeza, ulishuka njia isiyo yake, uso ukawa wa bluu. Nilipiga kelele. Atupele alikuja mbio, akamgeuza, akampiga mgongoni, akaingiza vidole kooni. Alipona. Atupele aliketi sakafuni, kofia imeanguka.

Nikamwambia yote. Chumvi, dawa, vipele. Hata kopo la maua. Tukiwa wawili tu huniita Tata, kama baba yake wa nyumbani, na mimi namwita mwanangu. Leo aliniita Mzee.

"Mzee, nani alinifundisha?"

Nikaokota kofia yake.

"Ulisema mzee akitulia amepona nusu. Nililiandika. Nililikariri."

"Nilikosea, mwanangu."

"Ulikosea ukaenda kulala. Mimi niko peke yangu na wodi mbili. Nikiacha dawa, huyu anatoka nje, yule anashuka kitandani, wa tatu anamwita mke wake aliyekufa mpaka asubuhi. Akifia mferejini nitaulizwa mimi. Akifa amelala hakuna anayeuliza."

Alilisema hilo la mwisho kisha akajifunika mdomo.

Daktari anakuja Jumamosi. Nikimwambia, Atupele atapanda basi la Mbeya na sanduku lake. Ana wadogo zake anaowasomesha. Nisipomwambia, Mgaya atapaliwa tena, na siku hiyo mimi nitakuwa nimelala, au nitakuwa nimekufa.

Asubuhi hii nilimtilia chumvi bila kuangalia kama anaweza kumeza. Dresa wa miaka yote hiyo. Aibu.

Ijumaa, 14 Juni

Sikulala. Sikukaa. Nimetembea kutoka kitandani hadi dirishani mpaka msaidizi akaniambia nitatoboa sakafu.

Atupele alileta vikombe jioni. Kwa Mgaya alisimama muda. Kisha akamwaga kikombe cha mzee dirishani, haraka, bila kunitazama. Kwangu hakusimama kabisa.

Sijui kama amenisamehe au ananiogopa. Mgaya anakoroma vibaya. Nahesabu pumzi zake, napotea, naanza upya.

Jumamosi, 15 Juni

Daktari amekuja. Huyu mpya, kijana, Kiswahili chake kizuri kuliko cha yule wa zamani. Matroni alimtembeza. Daktari alifurahi. Wodi safi, wazee kimya. Alikuwa ameshafika mlangoni akitoka.

Nilisema, "Daktari, naomba." Sauti ilitoka kama ya mbuzi.

Nilimwonyesha Mgaya. Vipele, ulimi, macho. Nikamweleza chumvi na sufuria moja. Atupele alikuwa amesimama na sinia ya vikombe. Daktari aliinama, akamfungua Mgaya macho kwa kidole gumba, akamwuliza yuko wapi. Mgaya akasema Rujewa. Daktari akauliza dawa hii ameandikiwa na nani.

Matroni akamtazama Atupele.

Nikasema: "Ni agizo la daktari wa zamani. Nesi amelikuta. Mimi nilimkabidhi hivyo hivyo." Yule wa zamani alishafariki, amezikwa kwao ng'ambo. Hawezi kujibu.

Daktari aliamini. Alifuta dawa kwa wote, akaagiza chumvi irudi kwenye chakula cha wote isipokuwa changu. Akamwambia Matroni nyumba hii inahitaji mtu wa pili wa zamu. Matroni akasema ataandika makao makuu ya misheni. Mara ngapi nimesikia hilo.

Atupele hafukuzwi. Nilipaswa kufurahi.

Jumatano, 19 Juni

Fujo. Wodi imeamka. Mmoja analia kwamba ameibiwa shamba. Mwingine amevua nguo zote anatafuta mkeka. Mzee wa kona, ambaye sikuwahi kusikia sauti yake, anaimba nyimbo za machimbo ya dhahabu ya Makongolosi, chafu, anazijua zote. Mashuka hayatoshi. Msaidizi ametishia kuondoka. Atupele ana macho mekundu, amempandishia sauti mzee mmoja, kisha amekwenda nyuma ya stoo na kurudi amenawa uso.

Kumbe hizi ndizo kelele nilizozizima.

Nimejipa kazi. Naburuta kiti mpaka mlangoni, nakaa na blanketi magotini. Anayetaka kutoka namwambia keti kwanza unisimulie. Wengi wanaketi. Wanataka kusimulia. Hicho tu.

Mgaya bado dhaifu, lakini leo amekula ugali bila kupaliwa. Ametafuta fimbo yake chini ya kitanda, akaipata, akalala nayo.

Jumapili, 23 Juni

Ukungu mpaka saa nne, kisha jua.

Mgaya amekwenda getini. Atupele alimshika mkono wa sweta wakaenda pamoja polepole, nikawaona kupitia dirishani. Alifungua geti, akawaita ng'ombe mmoja mmoja kwa majina. Atupele alikuwa akimwuliza, na yupi yule mweusi? Akamtajia. Walirudi wamechelewa na uji wa wenzake ukapoa, wakalalamika.

Akinipita alisimama. "Mla ndizi. Bado hujafa?"

"Bado."

"Unangoja nini?"

Uvimbe umefika mapajani, pumzi inaishia juu. Seti ameniletea chakula changu kwenye sufuria ndogo. Anasema ilikuwepo stoo siku zote. Atupele alinipangusa miguu. Akaniita Tata.

Nilimwambia daktari uongo. Wa zamani hakuagiza hivyo. Aliagiza kwa mtu mmoja, Bibi Semhongole, aliyefiwa na mwanawe akawa hapati usingizi. Siku chache tu, akasema, kisha uache. Akanikumbusha tena niache. Sikuacha. Bibi alikuwa akiniita kila jioni, "Dresa, njoo ukae," na jioni ndiyo ilikuwa saa ya mazoezi. Nilimpa kikombe nikamwambia ni chai ya pili. Jina hilo nililitunga mimi. Akatulia. Nikaona wodi ilivyo nzuri ikitulia, nikawapa na wengine. Bibi akaacha kula, kisha akaacha kuita. Siku tuliyomfunika, Atupele, mwanafunzi mpya, aliniuliza amekufa kwa ugonjwa gani. Nikamwambia uzee. Akaamini.

Hakuwa mgonjwa. Alitaka nikae naye kidogo, na mimi nilikuwa nachelewa kwaya.