Nimepunguza Mwangwi, Baba

Mabatini, Mwanza

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama na wote hapo Nansio. Mimi sijambo, isipokuwa vidole vimeungua kwa risasi ya kulehemu, na kwa fundi huo si ugonjwa.

Amplifaya yako ya zamani, ile ya taa za kioo ndani, ilifika salama kwa meli. Kaka Luhende alinipa maagizo yako: niitengeneze, kisha apewe binamu Masele, kwa kuwa gitaa la solo si la mtoto wa kike. Baba, gitaa umenifundisha mwenyewe. Maneno hayo yaliniuma sana.

Ulisema mashine inatawanya sauti. Nilikagua taa zote, zinawaka vizuri. Springi za mwangwi nzima. Ndipo nikaona rezista moja, ile inayopunguza mwangwi, imebadilishwa, waya wake umefungwa kwa uzi wa nyavu, kwa fundo lako la uvuvi, ambalo hapa mjini hakuna fundi anayelifunga. Nilipiga kordi moja tu, mwangwi ukafunika kila kitu. Mtu angekosea noti kumi pale, wala asijulikane.

Nikakumbuka Pasaka, kikombe kilivyotetemeka mkononi mwako ukasema ni baridi. Nililia, Baba. Mashine haikuwa na ubovu wowote; mwangwi ulikuwa unaficha mkono wako.

Sasa nisikilize, maana sitaki uambiwe na watu. Nilikata ule uzi, nikaweka rezista kubwa zaidi, na sasa kila noti inasikika peke yake. Jumamosi niliipeleka kwenye ile harusi ya Buhongwa uliyoalikwa wewe, nikakaa kwenye kiti chako. Watu waliguna. Nilikosea mara mbili na ukumbi mzima ukasikia, nikaendelea. Mwishowe mama wa bwana harusi alivua khanga yake akanifunga kiunoni, akasema, "Huyu anapiga kama baba yake enzi zile."

Siombi radhi. Masele hapati mashine, na mwangwi siurudishi ulivyokuwa. Njoo wiki hii nikupeleke hospitali, mkono huo uangaliwe mchana kweupe. Na ubebe lile gitaa la pili. Utapiga ridhim kando yangu, mkono utetemeke usitetemeke, na watu wakusikie.

Msalimie mama, na majirani wote wanaoniulizia.

Ni mimi binti yako,
Sabina, mpiga solo