Watoto Waliogeukia Kabati

Chumba cha uani,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Kabla hata sijakusalimu, nakuomba: barua hii isome peke yako, mlango ukiwa umefungwa, na usimwambie mtu yeyote neno hata moja. Hasa baba. Ananitangaza kwa majirani kwamba binti yake ni karani wa shule, na sitaki asikie kwa watu wengine niliyoyafanya.

Sasa shikamoo. Goti linaendeleaje? Nasikia umeanza kupanda ngazi bila fimbo. Nilifurahi, ingawa nakujua, huenda umewaambia hivyo ili wakuache upumue. Mimi siumwi, ila chakula hakishuki na usingizi ni wa mang'amung'amu.

Shuleni kwetu tumepokea watoto wengi wa wafanyakazi wapya wa kiwanda. Nyumbani wanazungumza lugha yao, na shule inafundisha kila kitu kwa Kiingereza, hesabu ikiwemo. Wewe umefundisha darasa la pili miaka thelathini, unamjua mtoto wa namna hiyo anavyokaa: macho kwa mwalimu, mdomo umefungwa kama bahasha.

Mwalimu wao wa hesabu wanamwita Mwalimu Vifuniko, kwa sababu ya mfuko wa vifuniko vya chupa anaowahesabishia. Ana utaratibu wake. Wageni amewakalisha upande wa kulia wa dawati, na kushoto kwa kila mmoja ameweka mtoto wa lugha hiyohiyo aliyetangulia kuizoea shule. Akiuliza swali, hakuna kunyoosha mkono. Mgeni anamgeukia mwenzake, wanaelezana kwa lugha yao huku wakisogeza vifuniko, halafu ndipo wanatafuta namna ya kulisema jibu kwa Kiingereza. Ukutani amewabandikia mianzo ya sentensi: "Zimebaki...", "Nimejua kwa sababu..." Inayobaki wanaimalizia wenyewe.

Mimi sikuujua utaratibu huo. Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia.

Wiki mbili zilizopita mwalimu huyo alitumwa semina, na mwalimu mkuu akataka wageni kumi na mmoja wapimwe hesabu kwa mdomo. Kazi akanipa mimi. Maagizo yalikuwa kwenye karatasi: waingie ofisini mmoja mmoja, soma swali mara mbili, hesabu hadi kumi, anayenyamaza mwandikie sifuri.

Aliingia kwanza binti mwenye pengo mbele. Nikamsomea: mama alikuwa na mayai kumi na mawili, matano yakavunjika, yamebaki mangapi? Akageuza kichwa kushoto. Kushoto kuna kabati la mafaili. Akanitazama, akageuka tena, midomo inacheza. Nikafika kumi. Sifuri. Wa pili akafanya vilevile, na wa tatu. Mzee anayepiga kengele alikuwa mlangoni, akasema, "Karani, hilo kabati lako limemeza majibu nini? Mbona wote wanalidai?"

Nikacheka, Shangazi. Nilicheka huku naandika sifuri. Saini yangu iko chini ya karatasi zote kumi na moja.

Mwalimu Vifuniko aliporudi na kuziona hakufoka. Aliuliza tu, "Walipokuwa kimya, walikuwa wanafanya nini?" Nikamweleza. Akavuta kiti, akakaa. "Walikuwa wanamtafuta mwenzao, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyewazoesha hivyo." Alijilaumu yeye, na hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana.

Kesho yake aliwapima upya darasani, maswali yaleyale, namba tofauti, akaniita nishuhudie. Yule binti wa pengo alimgeukia mwenzake, wakanong'onezana haraka kama watu wanaogombania kitu, vifuniko vikahama. Kisha akasimama, akaitazama ile sentensi ya ukutani, akajibu kwa Kiingereza, neno moja moja, kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: yamebaki manane, kwa sababu kati ya kumi na manne, sita yamevunjika. Wenzake wakampigia makofi. Tisa walipata maswali yote. Wawili walikosa moja moja.

Karatasi za kipimo hicho cha pili nilizipeleka mwenyewe kwa mwalimu mkuu. Alizipitia akiwa amesimama. "Kwenye mtihani wa mwisho watakaa na jirani wa kuwanong'oneza?" Nikasema hapana, mwalimu. "Basi mtihani ni ule ulioutia saini wewe. Hizi chana."

Nikasema ndiyo, mwalimu. Nikaziweka kwenye mkoba, chini ya bakuli la chakula. Aliponiuliza jioni, nilimwambia nimeshazichana.

Sifuri zile zitawapeleka kwenye chumba kilicho nyuma ya ghala. Kinaitwa darasa la maandalizi. Wanapaka rangi picha na kuimba salamu za Kiingereza, na hesabu hawaioni mpaka eti lugha ikomae. Mwaka jana walipelekwa sita. Nilifungua daftari la mahudhurio nikawatafuta: hakuna hata mmoja aliyerudi darasani kwake. Watatu wameacha shule kabisa.

Orodha nimekwisha kuipiga chapa. Inaondoka Jumatano kwenda ofisi kuu ya elimu, ile iliyo mtaa wa pili kutoka kwako, na Ijumaa itapitishwa. Nimeandika maelezo ya ukurasa mmoja kwamba kipimo cha kwanza nilikisimamia vibaya, na nia yangu ni kuyatia kwenye bahasha ileile pamoja na nakala za kipimo cha pili. Nipo kwenye majaribio ya kazi bado, na bahasha hiyo huifunga mwalimu mkuu mbele yangu. Mkono wangu ninaujua, Shangazi. Ulishaandika sifuri kumi na moja bila kuuliza.

Ndiyo maana karatasi halisi nimekufungia humu, pamoja na maelezo yenye saini yangu.

Nisalimie mjomba na magazeti yake, na dada mkubwa na mapacha wake, mwambie sijawasahau. Mama mdogo mwambie tu kwamba nina mafua. Mungu akulinde, akuongezee nguvu ya goti na ya moyo, na mimi anigawie kidogo.

Ni mimi, mwanao nikupendaye,
Kipole.

Tafadhali shika haya. Usipige simu ya ofisini, anaipokea mwalimu mkuu mwenyewe. Ukiandika, andika kwa jina la fundi cherehani aliye mkabala na lango la shule. Dereva wa lori la sabuni aliyekuletea barua hii anamfahamu. Alhamisi saa moja asubuhi nitakupigia kwa simu ya huyo fundi. Nikisema nimeyatia maelezo kwenye bahasha ya mwalimu mkuu, zichome hizi. Nikisema sijatia, nitakuwa na sababu, na zitakuwa nzuri, maana mmenisomesha. Usizisikilize. Kata simu, chukua bahasha hii, nenda ofisi ya elimu.