Karatasi ya Ini la Zuhura

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila siwezi kuanza bila kukuamkia.

Kuna jambo sikukwambia. Siku ile pale nyumbani Kisarawe uliponipa karatasi ya altrasaundi ukasema, "Mwalimu wangu, nisomee," nilisoma Kiingereza chote na sikuelewa. Nikaona aibu. Nikakwambia, "Ini limevimba kidogo tu, Baba, litapona." Ukafurahi, ukarudi kwenye mihogo yako. Tulipokuja kuelezwa kuwa ni saratani, ulikuwa huwezi tena hata kukaa.

Nisamehe.

Baada ya mazishi tuliambiwa sisi wanao wawili tukapime homa ya ini. Mimi nilikutwa salama. Zuhura, kitinda mimba wako, alikwepa hadi mwaka huu. Amekutwa na kirusi kilekile chako, Baba.

Nikamfuata Misugusugu anakoishi, tukaenda kupiga altrasaundi Kibaha. Alipotoka akaninyooshea karatasi. "Dada, wanasemaje?"

Niliona neno moja nililolikumbuka kutoka kwenye karatasi yako. Ulimi ulitaka kusema, ni kidogo tu.

Nikasema, "Sijui, mdogo wangu. Twende tukaulize."

Daktari alitaka kutueleza kwa kifupi. Nikamwomba aende neno kwa neno. Ini halina makovu, alisema, ukubwa wake ni wa kawaida. Lile neno lililonitisha maana yake ni kidoa tu, na kidoa kinaweza kuwa vitu vingi. "Hiki siwezi kukisemea kwa picha hii. Mrudi baada ya wiki mbili, bingwa akiangalie kwa kipimo kikubwa zaidi."

Wiki mbili, Baba! Zuhura alikuwa anafua nguo ambazo hazijachafuka. Mimi nilisahihisha daftari moja mara tatu. Hatukulitaja jina lako, tuliogopa.

Jana bingwa alituambia ni mishipa ya damu iliyojikusanya, si saratani. Zuhura akalia kwa sauti. Mimi niliendelea kuuliza, na kirusi je? Kirusi kipo, akasema, na lazima apimwe kila miezi sita, hata akijisikia mzima.

Nitakwenda naye kila mara. Nisilolijua nitaliuliza, hata wakiniona mjinga.

Pumzika, Baba. Wanao wawili bado tupo.

Mwanao,
Mwajuma