Wimbo wa Benta wa Bondo

Kisumu,
9 Agosti 1954

Kwako shemeji Absalom,

Pokea salamu zetu huko Nairobi. Watoto ni wazima, mtama umekomaa, na mama yenu sasa anakula vizuri.

Tangu lori lile lilipopinduka na kumuua ndugu yako Odindo, Natwarlal anapiga santuri ya marehemu dukani kwake kutwa nzima. Watu hujaa barazani kusikiliza gitaa la Odindo, na wote huuitikia ule wimbo wa Benta wa Bondo.

Huyo Benta alikuja mazishini. Alilia kwa sauti kunishinda, na wanawake wakampisha akae karibu na jeneza. Nilimsikia mgeni mmoja akiuliza, "Na yule mwingine anayelia ni nani?"

Akajibiwa, "Huyo ni mkewe tu."

Mkewe tu, shemeji! Mimi niliyempigia pasi mashati ya kwendea dansi, nikabaki nyumbani na watoto wake!

Jana nilimwomba Natwarlal aiondoe ile santuri. Akanijibu kwa upole, "Mama, watu wanaipenda sana." Nilitaka kuivunja palepale. Lakini sauti ilikuwa ya Odindo, nikasimama nikaisikiliza mpaka ikaisha.

Wewe ulikuwa naye alipokuja huko kurekodi. Je, hakuimba hata wimbo mmoja wenye jina langu? Kama hakuimba, tafadhali usiniambie. Niandikie tu habari za kazi yako.

Ni mimi, mke wa ndugu yako,
Peres