Kwa Mzee Soli, Aliyepitisha Kikombe Asinywe

Mwaka umeshazunguka, mume wangu, tangu ulipotuaga asubuhi ile, watoto wako wamekushika mikono, huyu huku, huyu kule. Watu wanasema siku zinakimbia. Kwangu mimi zimetambaa.

Kibanda chako cha viatu tumekifungua tena. Mpwa wako ndiye anayekaa pale sasa. Anajitahidi, ila gundi anaimwaga ovyo, ungemfokea. Benchi la wanafunzi bado liko palepale ukutani. Hukupenda kufundishia ubatizo na kipaimara kwenye ukumbi wa kanisa. Ulisema mtu akikaa ukumbini anajibu anachodhani mwalimu anataka kusikia, lakini akiwa na kiatu mkononi anasema ukweli. Basi wakakufuata kibandani, vijana kwa wenye mvi, ukampa kila mmoja kiatu na brashi, na mafundisho yakaanza.

Toba uliwaeleza hivi: "Kulia si toba. Mtu anaweza kulia huku miguu inaendelea kulekule. Tubu maana yake geuza viatu, urudi nyumbani." Neema: "Hukuifanyia kazi, hukuistahili, umeikuta mlangoni asubuhi." Ungamo: "Taja kosa kwa jina lake. Hiyo habari ya 'kama kuna niliyemkosea' peleka kwingine." Wakikuuliza juu ya Utatu Mtakatifu, ulivua kofia, ukajikuna kichwa, ukasema, "Hapo na mimi ni mwanafunzi. Naamini, ila msiniombe niwachoree." Wakacheka, na mengine yote uliyosema wakayaamini zaidi.

Sitaki msomaji adhani niliishi na malaika. Kila Kwaresima uliacha sukari, ukanuna kutwa kucha, mpaka nyumba nzima ikawa imefunga kwa sababu ya uso wako. Pasaka ikifika, sisi ndio tuliokuwa tumekombolewa. Kanisani ukianzisha wimbo kwa sauti ya juu mno, kosa lilikuwa la kwaya. Na kwenye maombi marefu ulikoroma, mume wangu, nikawa nakufinya. Leo sina wa kumfinya.

Sasa niseme lile ambalo kanisa zima lilijiuliza, nawe hukulijibu.

Kifungua mimba wetu alihamia kanisa lingine, akabatizwa upya kwa kuzamishwa majini. Hilo halikukukosesha usingizi. Ulimpa mkono, ukamwombea. Lakini siku moja, tukiwa tunakula, akasema ubatizo wake wa utotoni "ulikuwa kuloweshwa kichwa tu." Kitinda mimba wetu, mwanakwaya yule, akawaka.

"Aliyekubeba kwenda kubatizwa si huyu baba? Unamdharau kwenye chakula chake?"

"Nasema ninachoamini."

"Kakiseme nje!"

Akamwonyesha mlango, naye akatoka. Tangu siku hiyo kaka akija, dada anaondoka. Wakikutana njiani, shikamoo hakuna, marahaba hakuna. Kila mmoja alisema aanze mwenzake.

Jumapili ya Meza ya Bwana iliyofuata, ulisimama na wazee wa kanisa wenzako, ukashika trei ya vikombe, ukaipitisha safu kwa safu, ukahakikisha hata bibi aliyekaa nyuma kabisa amepata. Zamu yako ilipofika ukaiweka trei, ukarudi kukaa. Hukula mkate, hukunywa. Mara iliyofuata vilevile. Minong'ono ikaanza. Mama mmoja wa kwaya akanivuta pembeni: "Kwani Mzee Soli ametengwa?"

Nikamwambia, "Aliyetengwa hapewi trei, dada yangu. Kaimbe." Lakini moyoni niliungua.

Nyumbani nikakubana mpaka ukasema. "Nawafundisha watu wapatane kwanza ndipo waikaribie Meza. Wanangu hawasalimiani. Mimi nitakaribia na uso gani?"

"Si uwaambie basi!"

"Nikiwaambia watapatana kwa kunionea huruma. Nataka wasameheane, sitaki wanihurumie. Na wewe, mama, tafadhali, usiwaambie."

Nikaahidi, ila nikakuita mkaidi. Ukakubali kwamba ni mkaidi, kisha ukaomba chai.

Ndipo ugonjwa ukakulaza. Mchungaji akaja nyumbani na kile kisanduku chake cha mkate na divai, akakaa kando ya kitanda. Ukatikisa kichwa. Akakueleza kwa upole kwamba Meza ni ya wanyonge, haikuwekwa kwa ajili ya waliofaulu. Ukamjibu kwa sauti iliyokuwa imebaki, "Ni kweli, mchungaji. Lakini ningoje kidogo." Binti yako alikuwa amesimama mlangoni. "Baba, unakataaje Meza ya Bwana?" 

Hapo nikaivunja ahadi. Nilimvuta binti yako pembeni nikamwambia yote, na sijutii hata leo. Kuwasubiri ulikuwa na haki, mume wangu, ila muda hukuwa nao. Alisimama mikono kichwani, hata machozi hayakumtoka. Kisha akachukua simu akampigia kaka yake. Nilichosikia ni "Shikamoo, kaka," halafu akatoka nje kumweleza yote.

Mchungaji alikataa kuondoka. Alivua viatu sebuleni, akasema atakaa hata chai ikiisha. Mwanao akafika na nguo za kazi, mikono imejaa grisi, akapiga magoti pembeni yako.

"Baba, kuzamishwa kwangu sikujutii. Maneno yangu ndiyo nayajutia."

Ukanyoosha kidole kumwelekea dada yake. Akaelewa, akamgeukia. "Mdogo wangu, nilikudharau wewe na baba, nikadharau imani iliyonilea. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Na mimi nilikufukuza kwenye nyumba ya baba yako. Nisamehe, kaka."

Mchungaji akatafuta leso, hakuiona, akajifuta kwa mkono wa shati. Kisha akafungua kisanduku, akakuletea wewe kwanza. Ukamzuia. Mzee wa kanisa ni mzee wa kanisa hata kitandani! Ukataka wengine wapate mbele yako. Binti yako akapokea, mwanao akapokea, nami nikapokea, mkono wako ukiwa chini ya kisahani cha mkate muda wote. Ndipo mwanao akakuinua kichwa, binti yako akakushikia kikombe, ukanywa.

Ulilala vizuri usiku ule. Siku chache baadaye ulikwenda, na hatuna neno la kumlaumu Mungu.

Habari za nyumbani: bado wanabishana juu ya maji. Jumapili iliyopita niliwasikia nikiwa jikoni. "Yesu mwenyewe alizamishwa!" "Ulikuwepo?" Nikatoka na mwiko niwaamue, nikakuta wanakula sahani moja, wanachelewesha tu tonge ili wapate nafasi ya kusema. Nikarudi zangu jikoni.

Unakumbukwa na mimi mkeo, kifungua mimba wako na mkewe, kitinda mimba wako, wajukuu wako, dada yako, mpwa wako wa kibandani, na wote waliosugua viatu kwenye benchi lako hadi siku ya kubatizwa kwao. Kila Jumapili tunakiri ufufuo wa wafu. Zamani neno hilo nilikuwa nalisema haraka haraka nikiwaza chakula cha mchana. Sasa nikifika hapo nasimama vizuri, kwa sababu kuna mtu ninayemngoja.

Ulitufundisha kwamba Bwana, alipotaka kukumbukwa, aliwaomba rafiki zake waketi wale pamoja. Nasi ndivyo tutakavyokukumbuka siku zote tutakazopewa, Mzee Soli: tumeketi wote, na hakuna aliyeonyeshwa mlango.