Bei Niliyomtajia Bwana wa Raskazone

Dada Mwanahamisi,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila sijui kuanza nawe kwa namna nyingine.

Tangu uzikwe, kazi zako nyingi za kuwaandikia watu zimenijia mimi, mwanafunzi wako. Watu wa Ngamiani bado wanataka risala za harusi, na yule mama mwenye shule ya awali kule Mabawa bado anaagiza matangazo na kuomba apunguziwe. Nataja bei kama ulivyonifundisha, kisha nanyamaza. Unakumbuka nilivyokuwa naitaja na kuishusha mwenyewe kabla mteja hajafungua kinywa, nawe ukinifinya chini ya meza? Sasa hakuna wa kunifinya.

Akaja bwana mmoja mpole, mwenye ofisi Raskazone. Kampuni yake inataka ardhi ya kijiji kimoja upande wa Pangani. Alitaka kijitabu cha maneno ya wanakijiji, kila mmoja kwa jina lake, wakieleza walivyofurahi kuhama. Nikamtajia bei yangu, pamoja na nauli na siku za kwenda kuwasikiliza. Akasema hakuna haja ya kwenda, majina anayo. Kisha akanitajia mara nne ya nilichoomba.

Dada, mara nne! Hajapata kutokea mteja wa kunipandishia bei.

Nikamwambia kazi hiyo sina bei yake. Hakukasirika. Aliinuka taratibu, akasema, "Marehemu naye alitujibu hivyo hivyo. Na alikuwa mgonjwa, mwenye shida."

Hukuniambia. Miezi ile ulipokuwa unameza dawa nusu nusu ili zisiishe mapema, na mie nakuletea uji... hukuniambia.

Kijitabu kimetoka. Sijui nani kakiandika. Nilikwenda kijijini nikamtafuta Mzee Kombo, ambaye jina lake ndilo la kwanza mle ndani. Nikamsomea "maneno yake" barazani kwake. Akauliza, "Mwanangu, nani huyu kanisemea?" Nyumba mbili za jirani zake zimeshabomolewa. Alama za rangi nyekundu zimefika hadi makaburini.

Yeye na wenzake wakaniomba niwaandikie barua yao ya kweli. Wakataka kunilipa. Ulimi ulikuwa tayari kusema basi, acheni, nikakusikia: "Asiyekulipa hana ubavu wa kukusahihisha." Nikawatajia bei wanayoiweza. Wakachanga. Na Mzee Kombo akanisahihisha kweli kweli, sentensi kwa sentensi, mpaka maneno yakawa yake.

Tangu siku hiyo yule mama wa shule hapokei simu zangu. Wateja wengine wawili wamesema wamepata mtu. Na kuna gari la vioo vyeusi linaegeshwa mbele ya nyumba yetu, injini inanguruma, hashuki mtu. Mama ameacha kuanika nguo uani. Ananisihi nimwachie mwingine kazi hii.

Kesho naongozana na Mzee Kombo kuipeleka barua wilayani. Chini yake nimeandika jina langu kamili, kwamba ndimi niliyeiandika. Nakuahidi sitalifuta, wakinitisha au wakinipandishia bei tena.

Mola akupe nuru huko uliko, Dada. Nisipokuandikia tena upesi, usidhani nimekusahau.

Mdogo wako,
Stella