Pikapu ya Baba, Tumbe

Dada Mwanaisha,

Salamu nyingi kutoka Tumbe, na shemeji umpe zake. Nimeiona pikapu ya baba! Siku hizi inabeba samaki, ila rangi ya buluu ni ile ile. Nikakumbuka unavyonikosoa kila nikikutumia picha za magari: "Umekata tairi, tena umelielekea jua." Basi nikangoja asubuhi, jua likawa mgongoni, tairi zote zikaingia pichani. Nikamwonesha Bi Saada, aliyeinunua kwetu baba alipofariki. Akaguna.

"Gari haina mtu, mwanangu. Hiyo picha ya kuuzia. Mwataka kuiuza tena?"

Akaninyang'anya simu, akaniamuru nikae ndani, akapiga mwenyewe. Ndiyo hii niliyoisafisha iwe postikadi. Najua utasema imepinda, na nusu ya uso wangu imo kivulini. Kosoa yote, dada. Lakini usiniulize kwa nini sikukaa kwenye usukani. Nilizunguka upande wetu wa zamani bila kufikiri, nikajibana dirishani, nikakuachia pako katikati.

Ukae salama.

Mdogo wako wa dirishani,
Hamadi